Kijuma na Uzito wa Herufi

Wakati wa likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, nikipumzisha kichwa baada ya muhula mrefu wa kusahihisha mitihani. Jioni moja walinijia barazani vijana wawili wa shule ya upili, mmoja amekumbatia tarakilishi ndogo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Walikuwa wakitayarisha jarida la chama chao cha Kiswahili, toleo maalumu kuhusu tendi za Lamu, na walitaka niwatazamie anwani ya jaladani kama Kiswahili chake ni sanifu.

Anwani haikuwa na dosari. Kilichonivuta macho ni herufi zenyewe. Walikuwa wamechagua herufi za Kirumi nene, zilizonenepa kama mitungi, zenye vijiguu vilivyoviringana mwanzoni na mwishoni mwa kila mstari. Nilipowauliza kwa nini wamechagua hizo, walinijibu kwamba tendi ni mambo ya kale, na herufi hizo zina sura ya kale.

Msomaji atakuwa ameziona herufi za jinsi hiyo hata kama hajui jina lake: zimo katika majalada ya santuri, katika vibao vya hoteli na katika matangazo ya biashara. Walizochagua vijana wale zinaitwa Cooper Black, nazo zilichorwa mwaka 1922 na Oswald Cooper, fundi wa herufi wa mjini Chicago, Marekani. Zina ndugu zao wakubwa, mfano wa Clarendon iliyotolewa London mwaka 1845 na kiwanda cha Robert Besley. Kazi ya herufi nene ni moja: kumsimamisha mpita njia. Ndiyo maana mitambo ya Ulaya ilipoanza kuchapa matangazo ya biashara katika karne ya 19, herufi nyembamba za vitabu hazikutosha tena, zikatafutwa herufi zenye sauti kubwa. Watunga kamusi nao wakaona manufaa yake, wakazitumia kwa kidahizo ili jicho lilipate neno upesi katika ukurasa uliojaa maelezo. Lakini ukiandika ukurasa mzima kwa herufi nene, msomaji atachoka kabla hajafika katikati, kama anayesemeshwa na mtu apigaye kelele tangu mwanzo hadi mwisho.

Sikuona vibaya vijana kupenda herufi za Cooper. Nililoona ni kwamba ukale waliouazima ni ukale wa Chicago. Nikawauliza: tendi hizo mnazozisifu ziliandikwa na nani? Wakanitajia Mwana Kupona. Wakanitajia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Inkishafi. Majibu mema. Nikawauliza tena: wale walitunga, lakini ni mkono wa nani uliozitia katika karatasi zikatufikia? Hapo wakanyamaza. Nami sikuwalaumu, kwa sababu katika umri wao na mimi ningenyamaza. Basi nikawasimulia habari za mtu ambaye mkono wake umo katika sehemu kubwa ya fasihi tunayoifundisha, na ambaye jina lake halitajwi sana madarasani. Leo nataka kumsimulia msomaji habari hizo hizo.

Muhammad bin Abubakar bin Omar al-Bakari, aliyejulikana na wengi kwa jina la Kijuma au Kijumwa, alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855. Tuukumbuke wakati huo. Utendi wa Mwana Kupona umetungwa mwaka 1858, kwa hiyo Kijuma alikuwa mtoto mdogo pale mama yule wa Pate alipokuwa akimuusia binti yake. Mji wa Lamu ulikuwa chini ya masultani wa Zanzibar, na ngome yake kubwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ile, ilikuwa bado ngeni. Watoto walijifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo hizo: barua, hesabu za biashara, wasia, mashairi na tendi.

Kijuma alikua akawa mtu wa fani nyingi. Alikuwa mshairi. Alikuwa nakshi wa mbao. Alijua muziki na ngoma. Zaidi ya yote alikuwa mwandishi wa khati, yaani mtu ambaye ukimpa utendi akunakilie, atakurudishia si maneno tu bali kitu cha kutazamwa. Siku hizi tumezoea kumweka msomi upande mmoja na fundi upande mwingine, na mpiga ngoma tukamweka mbali na wote wawili. Kijuma hakugawanyika hivyo, na nadhani hatuwezi kuuelewa mwandiko wake tusipoikumbuka patasi yake.

Nitaeleza. Mlango wa Lamu una miimo, una mfaa katikati, na juu yake una ubao wa kizingiti ambao ndio ukumbi wa nakshi. Katika milango mingine ya pwani ubao huo huchongwa maneno na mwaka. Fundi achongaye herufi katika mbao hawezi kuchonga mstari mwembamba kama unywele, kwani mbao itapasuka, na hata isipopasuka kivuli hakitakaa. Herufi ya mlangoni haisomwi kwa wino, husomwa kwa kivuli. Ni lazima iwe na mwili: inenepe, ikatwe kwa ujasiri, iachiwe nafasi ya kupumua pembeni. Kalamu ya mwanzi nayo, iliyochongwa ncha yake kwa mshazari, hutoa mstari mnene ikivutwa upande mmoja na mwembamba ikivutwa upande mwingine. Kwa hiyo mtu aliyezoea zana hizi mbili huujua unene wa herufi mkononi mwake kabla hajaujua kichwani. Wale mafundi wa London na Chicago walipojiuliza herufi inenepe wapi na ikonde wapi, walikuwa wakijiuliza suali ambalo mwandishi wa khati wa Lamu alikuwa akilijibu kila siku.

Sasa tuutazame ukurasa wa utendi kama ulivyoandikwa zamani. Utendi, kama kila mwanafunzi ajuavyo, una vipande vinne katika ubeti, kila kipande mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza hukubaliana kwa kina, na cha nne hubeba kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Vitabu vyetu vya shule huvipanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine, kama ngazi fupi. Lakini katika miswada mingi ya pwani ubeti mzima hulala katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, na vipande hutengwa kwa alama ndogo. Matokeo yake ni kwamba vina vya mwisho vyote hujipanga vimoja chini ya vingine katika ukingo wa kushoto wa ukurasa. Kina cha bahari, ambacho katika vitabu vyetu sikio hukitafuta kila baada ya mistari minne, hapo jicho hukiona kimesimama wima kama mfaa wa mlango. Ukurasa wenyewe unakufundisha umbo la utendi kabla hujasoma neno. Tulipohamia herufi za Kirumi tuliipoteza faida hiyo, na sijapata kusikia ikitajwa katika darasa la ushairi.

Nisije nikadhaniwa naisifu khati ya kale bila kuujua upungufu wake. Kiarabu kina irabu tatu fupi, nazo huandikwa kwa fataha, kasra na dhuma. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo i na e ziliandikwa kwa alama moja, na u na o kwa alama moja. Tena Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ch. Mwandishi wa kawaida aliandika b mahali pa p, akaandika f mahali pa v, akamwachia msomaji ajijue. Maneno bibi, pipi, bebe na pepe yangeweza kuandikwa sawasawa. Zile m na n zinazotangulia b au d mara nyingi hazikuandikwa kabisa. Msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha hakupata taabu, kwa sababu alijua kinachotarajiwa kabla hajakisoma. Taabu ilikuwa kwa mgeni. Waandishi wa pwani waliliona tatizo hilo wao wenyewe, wakaazima herufi zenye nukta tatu kutoka kwa Waajemi ili kuandikia p na ch, na wakabuni alama za kutenga irabu. Si kweli, kama wengi wanavyodhani, kwamba khati ile ilikaa mamia ya miaka bila kufikiriwa.

Maisha ya Kijuma yalipita katika mageuzi makubwa. Mwaka 1890 Waingereza waliufanya usultani wa Zanzibar himaya yao, na mwaka 1895 serikali yao ikaichukua pwani ya Kenya. Reli kutoka Mombasa, iliyojengwa baina ya 1896 na 1901, iliifanya Mombasa bandari ya bara zima, na Lamu ikabaki kando. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya, na mashamba ya bara yaliyowatajirisha waungwana wa visiwani kwa jasho la wengine yakakosa wafanyakazi. Wakati huo huo herufi za Kirumi zilikuwa zikienea. Askofu Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapa Kiswahili kwa herufi hizo huko Unguja tangu miaka ya 1860, na kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870. Serikali za kikoloni na shule zao zilizichukua herufi hizo. Mnamo 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Kiswahili sanifu kikajengwa juu ya Kiunguja, kikavikwa herufi za Kirumi. Mtu aliyejua kuandika vizuri kwa khati ya Kiarabu alijikuta, bila ya kuhama mji wake, amekuwa bingwa wa kitu ambacho serikali haikihitaji.

Waliokihitaji walikuwa wataalamu wa kigeni. Wa kwanza kukumbukwa ni Alice Werner, bibi wa Kiingereza aliyezuru Afrika ya Mashariki baina ya 1911 na 1913 na baadaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1913 Kijuma aliandika Utendi wa Fumo Liyongo. Hadithi ya Liyongo ni kongwe kuliko yeye kwa karne nyingi, lakini utendi tunaousoma leo, ule uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, umetoka katika mkono wake na kuitwa kwa jina lake. Kila mwanafunzi aliyepata kulia kwa ajili ya shujaa yule aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, amelia kwa sababu mtu mmoja wa Lamu alikaa na kalamu yake mwaka ule.

Katika miaka ya 1930 alifuata William Hichens, Mwingereza aliyewahi kutumikia serikali ya kikoloni, ambaye alirudi kwao na kuchapisha tendi za Kiswahili. Yeye na Kijuma waliandikiana barua, na Kijuma akamnakilia miswada. Mwaka 1934 Werner na Hichens walitoa utendi wa Mwana Kupona, na mwaka 1939 Hichens akatoa Inkishafi. Mwaka 1936 alifika Lamu Mjerumani Ernst Dammann pamoja na mkewe Ruth. Kijuma wakati huo alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, naye akawa mwalimu wa Dammann na mwandishi wake. Kitabu cha Dammann kuhusu mashairi ya lahaja ya Kiamu kilitoka Hamburg mwaka 1940, katikati ya vita ambavyo mataifa ya wanafunzi wa Kijuma yalikuwa yakipigana. Mzee wa Lamu alikuwa amewafundisha wote wawili, Mwingereza na Mjerumani, kusoma ubeti mmoja.

Kazi hii ilikuwa ya malipo, na wako wanaoona kwamba jambo hilo linaipunguzia thamani. Mimi sioni hivyo. Fundi wa milango hulipwa, na hakuna aliyesema mlango haufai kwa kuwa fundi alikula. Lililo zito zaidi ni hili: Kijuma alipofariki mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Leo mingi ya miswada hiyo imo London na Ujerumani. Aliyechunguza maisha yake kwa kina ni mtafiti Mohamed Ibrahim Abou Egl, katika tasnifu aliyoitoa Chuo Kikuu cha London mwaka 1983. Mkusanyo wa maandishi yake yaliyokuwa katika hifadhi ya Dammann na kwingineko ulichapishwa Köln mwaka 2010 na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke. Ni kazi za heshima, nami nimenufaika nazo. Lakini haikosi kuuma kwamba mwanafunzi wa Lamu anayetaka kuishika kwa mkono wake mingi ya miswada ya mtu wa mtaani kwao hana budi kuanza na pasipoti.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu, nilikaa katika maktaba moja ya Ulaya, nimenyang'anywa kalamu ya wino na kupewa penseli, nikaletewa mswada wa utendi juu ya mto laini kama mgonjwa. Nilianza kuusoma. Neno la kwanza nililitambua, la pili likanishinda, la tatu nikalibahatisha. Mimi, niliyezaliwa Langoni na kulelewa kwa lahaja ile ile, nilikuwa nikisoma polepole kuliko Mjerumani aliyekaa meza ya pili. Chuoni utotoni nilifundishwa herufi zile ili nisome Kiarabu. Shuleni nilifundishwa Kiswahili kwa herufi nyingine. Hakuna siku hata moja niliyoambiwa kwamba viwili hivi vilikuwa vikikaa nyumba moja.

Na nyumbani kwetu palikuwa na kisanduku. Bibi yangu alikihifadhi chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Sote tulidhani ni za kisomo, kwa sababu zilikuwa kwa herufi za Kiarabu, tukaziheshimu kwa kutozigusa. Baada ya kufa kwake paa lilivuja, mchwa wakafika, na mabaki yakachomwa moto kwa adabu, kama ifanywavyo kwa karatasi ambazo huenda zina jina la Mungu. Miaka mingi baadaye shangazi yangu alinieleza kwamba zile zilikuwa nyimbo za harusi na sehemu ya utendi ambao bibi aliurithi kwa mamake. Hatukuupoteza kwa dharau. Tuliupoteza kwa kutojua kwamba ni Kiswahili. Sijui ulikuwa mwandiko wa nani, wala sidai ulikuwa wa Kijuma. Najua tu kwamba hakuna maktaba ya ng'ambo itakayonirudishia huo.

Kwa sababu hiyo natoa rai kwa walimu wenzangu. Sisemi turudi katika khati ya Kiarabu. Herufi za Kirumi zimekwisha kuwa zetu, zinaandika irabu zetu tano bila utata, na gazeti hili unalolishika ni ushahidi. Nasema mwanafunzi anayesoma tendi katika kidato cha tatu au cha nne aonyeshwe, angalau kwa vipindi viwili, picha ya ukurasa wa mswada. Afundishwe kulitambua jina la utendi kwa herufi hizo, na p yenye nukta tatu, na namna vina vinavyosimama ukingoni. Kwa watoto wa pwani waliopita chuoni ni kazi ya wiki moja. Kwa wa bara ni kazi ya mwezi, na haina ugumu kuliko kanuni za kemia. Pili, tunapotaja utendi tumtaje na mwandishi wa mswada, kama tunavyomtaja mhariri wa kitabu. Mtunzi asiye na mnakili hatumfikii, na kila mnakili ameacha alama yake katika lahaja, katika tahajia, na pengine katika maneno yenyewe. Mwanaisimu anayepuuza mkono huo anachunguza sauti asijue imepitia koo la nani.

Tatu, na hili ni kwa wanafunzi: mnapochagua herufi, jueni kwamba mnachagua historia. Herufi nene ni kitu kizuri. Waliopamba kurasa na milango walijua kwamba jina la kitabu na maneno ya juu ya mlango yanastahili mwili mkubwa, na ubeti wa ndani unastahili mwili wa kadiri. Anayefanya kila kitu kuwa kikubwa hana kikubwa.

Vijana wangu wawili walinisikiliza hadi adhana ya magharibi. Siku ya tatu walirudi. Anwani ya jarida ilikuwa bado kwa herufi za Cooper, kwani, walisema, ndizo zitakazoonekana kutoka mbali, nami nikakubali kwamba wana haki. Lakini chini yake walikuwa wameweka mstari mwembamba wenye jina la Kijuma na miaka yake, na pembeni jina la utendi kwa khati ya Kiarabu, alioliandika mmoja wao kwa mkono. Mkono wake ulitetemeka kidogo, na p alikuwa ameitia nukta mbili badala ya tatu. Nilimwonyesha. Aliitia ya tatu pale pale barazani, kwa kalamu yangu.